Upande wa Kushoto wa Meza

Hospitali ya jeshi ilikuwa na vyumba vinne vya upasuaji, na katika ukumbi wa kuingilia vyumba hivyo palikuwa na ubao mweupe uliofutwa mara nyingi hata wino wa miaka iliyopita ukabaki kama kivuli. Ubao huo ulikuwa na mwenyewe. Muuguzi mkuu wa upasuaji aliushika kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna mtu, awe na nyota mabegani au uprofesa kichwani, aliyethubutu kutia hata nukta pale bila ruhusa yake. Vijana walimwita Mama Ubao wakidhani hajui. Alijua, na jina halikumchukiza.

Kila asubuhi, kabla ya saa moja, aliandika majina mawili kwa kila meza. Jina la kulia lilikuwa la mwenye kisu. Jina la kushoto lilikuwa la mshika ndoano, yaani vile vyuma vilivyopinda vinavyoupanua mkato ili mwenye kisu aone ndani. Kushoto ni pa wanafunzi. Bingwa hasimami kushoto. Jambo hilo halikuandikwa katika kanuni yoyote, na pengine ndiyo sababu liliheshimiwa kuliko kanuni zote.

Jumatatu moja ikaja barua kutoka makao makuu. Kikosi cha askari mia tisa kilikuwa ng'ambo kikilinda amani katika nchi ya watu, na kambi nzima ilikuwa na mpasuaji mmoja tu. Mpasuaji huyo alikuwa mdogo wake Mama Ubao, kitinda mimba wa nyumba yao, ambaye hata sasa, akiwa na miaka thelathini na minane na cheo cha meja, nyumbani aliitwa Kitinda. Alikwenda kwa miezi sita. Huu ulikuwa mwezi wa kumi na nne, kwa kuwa kanuni ya kambi ilikuwa moja: mpasuaji haondoki mpaka wa kumpokea ameshuka kwenye ndege. Barua ilisema kwamba, kwa kuwa hospitali ina wapasuaji kumi na wanane, achaguliwe mmoja, naye asafiri baada ya wiki tano.

Mama Ubao aliisoma barua ile mara tatu, na kila mara ilizidi kuwa tamu. Wiki tano. Idadi ile ya kumi na wanane aliitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake, kwa sababu kweli ulikuwa wake. Kila mwanzo wa mwaka makao makuu walileta fomu yenye kisanduku kimoja, "Idadi ya wapasuaji", naye hukijaza. Hakuwahi kuongeza wala kupunguza.

Jioni alimpelekea mama yao habari hiyo. Bibi huyo alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na daktari alikwisha kumpangia siku ya kuondolewa, lakini alikataa katakata. Alisema hafungwi kitambaa usoni halafu akifunguliwa aanze kuona ukuta wa hospitali. Aliyefunga mlango wa tumbo lake, yaani Kitinda, ndiye atakayefungua macho yake kwa kuwa wa kwanza kuonwa.

"Wiki tano," alisema bibi, akikunja nguo kwa kupapasa. "Mwambie daktari wa macho anoe visu vyake. Mtoto wa jicho atatoka mtoto wa tumbo akiingia."

Kupata wa kwenda hakukuwa na shida. Siku ya pili tu bingwa wa mifupa alijitolea. Alikuwa mwanamume mrefu, mcheshi, mwenye mikono mikubwa isiyotetemeka, na kwa muda wa miaka tisa hakufanya kazi nyingine ila kutengeneza magoti, hata wagonjwa wenyewe wakamwita Daktari Magoti. Alisema hana mke wa kumlilia wala paka wa kumsubiri, na kwamba askari wa ng'ambo ni ndugu zake. Hakuna aliyemtilia shaka. Walimpigia makofi katika chumba cha chai.

Ni katika chumba hicho cha chai, siku ya Jumatano, ndipo utamu ulipoingia shubiri. Mtu alimtania Magoti kwamba huko aendako atakutana na viungo vingine vya mwili, naye akajibu kwamba tangu ahitimu hajaonana na bandama, na wakikutana njiani itambidi ajitambulishe upya. Watu wakacheka. Mama Ubao naye akacheka, kisha kikombe kikakwama hewani. Alitazama meza ile ndefu. Pale aliketi bingwa wa magoti, na bingwa wa masikio, na bingwa wa njia ya mkojo, na Profesa wa tumbo ambaye mfupa uliovunjika humtia kichefuchefu. Kila mmoja alikuwa hodari katika shibiri yake moja ya mwili. Na yeye, mwaka baada ya mwaka, aliwajumlisha wote katika kisanduku kimoja.

Kitinda alikuwa wa namna nyingine. Kabla ya jeshi alifanya kazi miaka sita katika hospitali ndogo ambako mpasuaji alikuwa yeye peke yake, kwa hiyo alipasua kila kilicholetwa mlangoni. Hospitali za namna ile siku hizi zilipata magari, na wagonjwa walipelekwa kwa mabingwa. Lilikuwa jambo jema. Hakuna aliyefikiri kwamba jema lile lilikuwa likifunga shule ya wapasuaji kama Kitinda.

Siku mbili Mama Ubao hakusema neno. Hakuna aliyemuuliza chochote. Kukaa kimya hakungekuwa hata uongo. Magoti angepanda ndege kwa moyo wake mweupe, Kitinda angeshuka kwenye ndege ileile, na mama yao angefunguliwa macho. Halafu, siku moja, huko mbali, mtoto wa mtu angelazwa mezani akivuja damu tumboni. Hapo ndipo fikra zake zilipokuwa zikifika na kukataa kwenda mbele.

Siku ya tatu aliketi na karatasi kubwa. Pembeni, kuelekea chini, aliandika aina kumi na nne za upasuaji ambazo Kitinda alikwisha kufanya kambini, kama alivyomsimulia kwenye simu zao za kila Ijumaa. Juu aliandika majina kumi na manane. Kisha akatia alama penye kazi ambayo yeye mwenyewe, kwa macho yake, alimwona mtu akiifanya katika miaka mitatu iliyopita. Profesa alipata alama nne. Magoti alipata tatu. Bingwa wa masikio alipata moja, nayo kwa huruma.

Alimpelekea karatasi hiyo Kanali aliyesimamia tiba. Kanali aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akaigeuza kutazama kama nyuma kuna habari njema.

"Kwa hiyo unaniambia nina wapasuaji kumi na wanane, na sina hata mmoja?"

"Unaye mmoja, afande. Yuko ng'ambo."

Kanali alivua miwani. Alimuuliza, kwa sauti ya chini, kama anaelewa ni nani atakayeongezewa siku kwa karatasi hii. Mama Ubao alijibu kwamba anaelewa, na kwamba fomu za miaka yote zilijazwa na mkono wake, hivyo hana wa kumsukumia. Aliomba wiki kumi na mbili. Magoti asimame kwenye kila meza, ajifunze kazi zote kumi na nne, ndipo aende. Mwalimu mkubwa atakuwa Profesa, kwa kuwa majeraha mengi ya kambini yalikuwa ya tumbo.

Kanali alikubali wiki kumi na mbili, na siku moja zaidi hapana. "Ila Profesa simwamuru," alisema. "Ni raia. Nikimwamuru ataandika barua kwa kila mwenye anwani. Huyo mtajuana wenyewe."

Ijumaa simu ya Kitinda iliingia saa sita mchana. Sauti ilikuwa ikichelewa njiani, kila sentensi ikafika kama mgeni aliyepanda ngazi. Mama Ubao alikuwa amejiapiza kutozunguka mbuyu, akasema yote kwa pumzi moja: kwamba wa kumpokea yupo, kwamba mtu huyo hayuko tayari, kwamba Kitinda hatarudi baada ya wiki tano bali kumi na mbili. Kisha akangoja. 

"Dada, aliyesema hayuko tayari ni wewe?"

"Ni mimi."

 Kisha Kitinda akaeleza, polepole, kwamba juzi waliletwa askari watatu kutoka gari moja, na mmoja alikuwa ameumia kifua, tumbo na paja, vyote kwa pamoja. Alisimama mezani kwa saa saba. Askari huyo sasa anakunywa uji na kulalamika kwamba hauna sukari.

"Bomu la ardhini halisomi vyeti, Dada," alisema. "Angekuja huyo wa magoti peke yake, ningepanda ndege, lakini usingizi nisingeupata. Sasa niache nikasirike. Nitakasirika mpaka Jumapili. Jumapili nitakutumia orodha ya mambo ya kumfundisha."

Kwa mama yao haikuwa rahisi hivyo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa imetulia juu ya shuka lililokunjwa nusu. "Kumbe aliyemfungia mwanangu mlango ni mwanangu," alisema, na hakuongeza neno siku hiyo wala kesho yake. Chai aliyoletewa aliinywa, aliyeileta hakumjibu. Asubuhi ya tatu, Mama Ubao akitafuta viatu vyake, aliitwa.

"Hao askari huko ni wangapi?"

"Mia tisa, mama."

"Na kila mmoja ametoka tumboni mwa mtu." Bibi alitikisa kichwa kama anayekubaliana na mtu mwingine asiyeonekana. "Nenda kazini, mwanangu. Ukungu huu nimeuzoea. Lakini huyo mtu wako umfundishe vizuri. Sitaki kungoja kwangu kuwe kwa bure."

Jumatatu iliyofuata, waliofika mapema waliona jambo ambalo halijapata kuonekana. Kwenye meza ya pili, kulia paliandikwa Profesa. Kushoto paliandikwa Daktari Magoti. Vijana walikohoa vicheko katika viganja vyao. Wengine walidhani mama wa watu ameanza kuzeeka.

Profesa alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye vidole vyembamba vilivyookoa watu wasiohesabika, na aliijua thamani yake. "Mama," alisema, "jina moja limekaa mahali pasipo pake."

Alijibiwa kwamba majina yote yamekaa mahali pake. Hapo Profesa akamwaga ya moyoni. Alisema kazi yake imemchukua miaka ishirini, si maji ya bomba ya kujaza ndoo kwa wiki kumi na mbili. Alisema bingwa akishika ndoano mbele ya wanafunzi, kesho wanafunzi watawaagiza mabingwa chai. Alikuwa bado akisema Magoti alipotokea, ameshanawa, mikono juu na maji yakimtiririka viwikoni, akapita katikati ya vijana na kwenda kusimama upande wa kushoto wa meza.

"Profesa," alisema kutoka ndani, "mtaka cha mvunguni huinama. Na ukihitaji nipige magoti, hayo ndiyo pekee ninayoyajua."

Profesa hakucheka. Lakini mgonjwa alikuwa mezani, na mgonjwa hangojeshwi. Akaingia.

Siku tatu za kwanza Profesa alifanya kazi kama mtu anayekula huku amewageuzia wenzake mgongo. Alikuwa mwepesi mno, mabega yameziba kila kitu, na hakutoa neno. Hakuwa na haja ya neno. Ufundi wao yeye na Mama Ubao ulikuwa umekomaa kiasi kwamba akinyoosha mkono tu, kifaa anachokitaka hutua kiganjani. Vidole vikikunjwa kidogo ni mkasi, vikinyooka ni kibano, kidole gumba kikijitenga ni uzi. Wageni waliokuja kutazama walisifu ukimya ule. Mama Ubao mwenyewe aliuonea fahari kwa miaka mingi. Sasa, akimtazama Magoti ameshika ndoano na kunyoosha shingo kama mtu nyuma ya umati, alitambua kwamba ukimya ule ulikuwa ukuta, na nusu ya matofali aliyapanga yeye.

Alhamisi alinawa, akavaa, akasimama penye vifaa. Alingoja hadi hatari ilipopita, mishipa imefungwa na damu imetulia. Profesa akanyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani, mtupu.

"Kipi, Profesa?" aliuliza Mama Ubao.

Daktari wa usingizi aliinua kichwa. Katika miaka ishirini na miwili swali hilo halikuwahi kuulizwa chumbani humo. Profesa alimtazama juu ya barakoa, macho yakiuliza kama ni ugonjwa au ni dharau.

"Mkasi mrefu," alisema hatimaye.

"Huu uliopinda au ulionyooka?"

"Uliopinda."

"Kwa nini uliopinda?"

 Hapo Mama Ubao akasema, kwa upole, kwamba kambini ng'ambo hakuna mtu anayeujua mkono wa huyu kijana. Yule atakayempa vifaa atakuwa koplo aliyezoea kufunga bandeji. Asipoweza kukiita kitu kwa jina lake na kusema sababu yake, mkono wake utabaki hewani kama huo wako ulivyobaki sasa, na aliyelala mbele yake hatakuwa ametulia kama huyu.

Profesa aliutazama mkono wake mwenyewe, kama anayeuona mara ya kwanza. Kisha akasogea nusu hatua. Nusu hatua tu, lakini taa ikaangukia ndani ya mkato, na Magoti akaona.

"Uliopinda," alisema Profesa, "kwa sababu nyuma hapa kuna mshipa nisiouona, na ncha iliyonyooka haina adabu. Sogeza ndoano juu. Juu zaidi. Unaona sasa? Hii ndiyo bandama yako. Jitambulishe."

Kumbe utani wa chumba cha chai hakuusahau. Kicheko kilichotoka nyuma ya barakoa siku ile kilikuwa cha watu sita, na mmoja wao alikuwa Profesa.

Tangu hapo akawa kama bomba lililozibuliwa. Alisema asubuhi, alisema mchana, alimfuata Magoti hata kwenye chai akimchorea utumbo kwa kijiko juu ya kitambaa cha meza. Orodha ya Kitinda ilikuwa imefika Jumapili ile kama ilivyoahidiwa, ikiwa na mambo thelathini na moja, na la mwisho lilisema: mfundisheni kulala dakika kumi akiwa amekaa. Magoti aliinama kila meza. Alishika ndoano kwa bingwa wa mkojo, akamshikia daktari wa uzazi, na alipochoka alisema sasa anajua kwa nini wanafunzi humtazama kwa macho yale.

Kisha likatokea jambo ambalo Mama Ubao hakulipanga. Wiki ya tano bingwa wa masikio alimjia, akijikuna shingo kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, akauliza kama Jumanne pana nafasi. Nafasi gani? Ya kushoto, alisema. Mezani kwa Magoti. Asije akaulizwa siku moja habari za paja na akajibu habari za sikio. Wiki ya saba walikuwa wanne. Ubao ukaanza kusomeka kama wimbo mgeni, majina yakivuka kutoka kulia kwenda kushoto na kurudi, na wanafunzi waliacha kukohoa vicheko. Hakuna aliyeagizwa chai.

Wiki ya kumi, saa nne asubuhi, aliletwa mwendesha pikipiki aliyegongwa na lori. Uso ulikuwa umepauka, tumbo limekaza kama ngoma. Jina la Profesa lilikuwa kulia. Walinawa pamoja, yeye na Magoti. Walipofika mezani, Profesa alipita upande wa kulia bila kusimama, akazunguka miguuni pa mgonjwa, akasimama kushoto. Akanyoosha mkono kwa Mama Ubao.

"Ndoano," alisema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

 Magoti akaomba kisu kwa jina lake. Damu ilipanda kama maji ya chemchemi, na kwa dakika kadhaa hakuna kilichosikika ila sauti yake ikiita kifaa kimoja baada ya kingine, ikitetemeka mwanzoni, halafu haitetemeki tena. Profesa alipanua mkato na kufunga mdomo. Kufunga mdomo ndiko kulikomtoa jasho. Bandama iliyopasuka ilitoka. Uzi wa mwisho ulikazwa. Daktari wa usingizi alisema shinikizo la damu limepanda, na alisema kwa namna ambayo mtu husema mvua imenyesha.

Mama Ubao alirudi ukumbini, akachukua kitambaa, akafuta ubao kwenye meza ile na kuandika upya: Magoti kulia, Profesa kushoto. Kilichotendeka sharti kiandikwe.

Wiki ya kumi na mbili Magoti alipanda ndege, na ndege hiyo ilirudi na Kitinda. Alikuwa amekonda, ameungua na jua, na mikono yake ilikuwa na ngozi ngumu ya kunawa kupita kiasi. Hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye wodi ya macho, ambako mama yao alikuwa amepasuliwa jana yake, na saa tano asubuhi, bibi alipofunguliwa kitambaa, alipepesa, akakunja uso, akamtazama kitinda mimba wake kutoka utosini hadi kwenye buti.

"Umekonda namna hii," alisema, "na mimi nililipia macho nione mtu mzima." Kisha akamgeukia mkubwa, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mtu asiye na hakika na nafasi yake, akamwita kwa mkono. "Na wewe una mvi. Hukuniambia. Njoo hapa karibu."

Baada ya wiki mbili za mapumziko Kitinda aliripoti kazini. Alisimama mbele ya ubao akiusoma, mikono nyuma, kichwa upande. Alimwambia dada yake kwamba katika miezi kumi na sita aliokoa miguu mingi, lakini magoti yake yalikuwa ya kubahatisha, na aliona haya kila askari aliyepona alipoondoka akichechemea. Mwanafunzi mmoja wa Magoti, msichana mwembamba aliyehitimu mwaka jana, sasa ndiye aliyeachiwa meza ya tatu, ya magoti.

"Nipe kushoto, Dada," alisema.

Kwenye meza ya Mama Ubao ilikuwapo fomu mpya ya mwaka, yenye kisanduku kilekile kimoja. Alikuwa ameibandika kwa gundi mgongoni mwa karatasi yake kubwa ya alama, na karatasi hiyo sasa ilikuwa imejaa hata ikahitaji kukunjwa mara nne. Ndani ya kisanduku hakuandika idadi. Aliandika: "Tazama nyuma." Kisha akachukua kalamu ya wino mweusi, akaenda ubaoni, na kwenye meza ya tatu, kushoto, akaliandika jina la mdogo wake kwa herufi kubwa na nzuri.